Kitanda cha Mtoto Ghorofa ya Ishirini na Sita

Wasomaji wengine wamepiga simu hapa gazetini wiki nzima wakitaka waambiwe pembeni kile kitanda kilikuwa cha nani. Tumewanyima wote, hata yule aliyesema yuko mahututi na hatafika Ijumaa. Hadithi ikipakuliwa kabla haijaiva humpa mlaji tumbo. Leo imeiva, sogeeni.

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Shangazi, fundi wa keki za harusi, alisimama kizingitini mwa chumba cha maharusi, ghorofa ya ishirini na sita ya hoteli ile mpya ambayo mji mzima unaiita Kiberiti. Nyuma yake alikuwa Kitinda, binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Kando ya Kitinda alikuwa mchumba wake, muuza bima, kijana mpole ambaye kwenye familia hii hana jina lingine ila Bima. Harusi ilikuwa mwezi ujao, na siku hiyo walikuja kuchagua hoteli.

Ndani, pembeni ya kitanda kipana kilichonyunyiziwa maua, kulikuwa na kitanda kidogo cha mtoto cha mbao nyeupe. Kilikuwa kimetandikwa shuka lenye picha za samaki, na juu ya mto mtu alikuwa amekunja taulo likawa sungura.

"Hiki ni nini?" Shangazi aliuliza.

Aliyejibu ni dada wa mauzo wa hoteli, aliyekuwa akiwatembeza tangu asubuhi. Alitabasamu tabasamu la kazini. "Tumeandaa kama kaka anavyopenda, mama. Kitanda cha mtoto upande wa dirisha, maziwa ya uvuguvugu, na mito migumu."

"Kaka yupi?"

"Huyu hapa. Bwana harusi."

Shangazi hakugeuka haraka. Keki ikianza kuinama huikimbilii. Ukikurupuka unaiangusha yote. Alipogeuka, Bima alikuwa anatazama zulia kama mtu aliyedondosha sindano.

"Mmekosea chumba," Bima alisema.

"Hatujakosea, kaka," alisema yule dada, na kila neno alilolisema kwa wema lilizidi kumzamisha mwenzake. "Ulipopiga simu kuomba kuja kuona vyumba, tukaona wewe ni mgeni wetu wa siku nyingi. Siku hizi sisi na Kioo ni wamoja, mwenye mali ni mmoja. Mgeni akizoeleka kule, huku nasi tunajua anapenda nini. Ndiyo huduma yetu, kukumbuka."

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi huijui Kioo, kwa hiyo wenzako watanivumilia kidogo.

Kioo ni hoteli ya ng'ambo ya barabara, ndefu vilevile, vioo toka chini mpaka juu. Kiberiti ilijengwa mbele yake makusudi, na tangu hapo zinatazamana mchana kutwa kama wake wenza. Watu wenye uwezo wakitaka kuoza mtoto hugombana wiki nzima: Kioo au Kiberiti? Kioo ina ngazi ya kuzunguka na wahudumu wazee wanaokumbuka hata jina la bibi yako. Kiberiti ina bwawa la kuogelea juu ya paa na lifti zinazoongea. Shangazi alikuwa mtu wa Kioo, na sababu yake ilikuwa moja tu: lifti ya mizigo. Ya Kioo ni pana na hupanda taratibu. Ya Kiberiti inashtuka kila ghorofa, na keki ya ngazi tano ikifika juu huwa ngazi tatu na uji.

Bima alikuwa mtu wa Kiberiti, naye sababu zake zilikuwa tatu. Kikao cha kwanza alisema Kioo hakuna pa kuegesha magari. Kikao cha pili alisema vile vioo vinampa kizunguzungu. Kikao cha tatu, alipobanwa, aliapa mbele ya wazee kwamba hajawahi kukanyaga Kioo maisha yake yote na haoni kwa nini aanze siku ya harusi yake.

Shangazi ana kanuni moja maishani. Mwenye sababu moja anasema kweli, mwenye sababu tatu bado anatafuta.

Na sasa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kioo alikuwa na mito yake huko.

"Jina langu ni la kawaida," Bima alisema. "Wamenichanganya na mtu mwingine."

"Na namba ya simu mnachangia na huyo mtu mwingine?"

Bima alifungua mdomo, na simu yake ikalia mfukoni ikamwokoa. Aliipokea. Uso wake ukabadilika mara ya pili, na safari hii haikuwa aibu. Mtu aliyeishi na Shangazi angekwambia kwamba aibu na hofu yeye anazitofautisha hata gizani.

"Msimruhusu apande," Bima alinong'ona kwenye simu. "Nakuja sasa hivi."

Akakata. "Ni ofisini, Shangazi. Kuna mteja gari lake limeungua."

"Pole yake. Nenda kazime."

Bima alimtazama Kitinda, Kitinda akamtazama Bima, na katika kutazamana kule kulipita kitu ambacho Shangazi hakukipenda. Kisha kijana akatoka karibu anakimbia.

Dada wa mauzo, ambaye sasa alikuwa amenusa harufu ya kuungua, aliomba udhuru akaenda kutafuta mtu wa kukiondoa kile kitanda. Wakabaki wawili.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Shangazi alisogea dirishani. Kutoka ghorofa ile watu wote wa chini wanafanana, na hutamjua hata mumeo. Lakini kampuni ya Bima huwapa wafanyakazi wake miavuli ya njano iliyokolea kama kiini cha yai, na mji mzima unaichukia rangi ile. Mwavuli wa njano ulitoka mlango wa Kiberiti. Haukuelekea kulia, ofisini. Haukuelekea kushoto, kwenye magari. Ulikata barabara moja kwa moja, madereva wakiupigia honi, ukaingia Kioo.

"Ofisi yao imehamia hotelini?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, twende nyumbani," Kitinda alisema. "Tuchague hii hii Kiberiti, yaishe."

"Mchumba wako ana kitanda cha mtoto hoteli ya jirani, na wewe unaniambia tuchague."

"Kutakuwa na maelezo."

"Maelezo hayajawahi kukosekana, mwanangu. Hata mume wangu alikuwa nayo, tena mazuri."

Hilo ndilo donda la Shangazi, na halifichi. Mume wake alikuwa na nyumba ya pili upande wa pili wa mji, yenye mwanamke, mapazia na watoto wawili. Shangazi aliijua siku ambayo majirani wote walikuwa wameshaijua. Alimfukuza mume, akabaki na hasira, na hasira hiyo aliigawa kwa haki: nusu ya mume, nusu ya yule mwanamke. "Mwanamke anayekaa na mume wa mtu," husema mpaka leo, "hata maji ya kunywa simpi." Kitinda aliisikia kauli hiyo kabla hajajua kusoma.

Kwa hiyo unaelewa hofu iliyomshika Shangazi pale dirishani. Hakuwa anachunguza kwa umbea. Mtoto pekee aliyebaki mikononi mwake alikuwa anakwenda kuolewa na mwanaume mwenye nyumba mbili, na yeye Shangazi ndiye angeibeba keki.

Kilichomtia shaka zaidi ni kwamba Kitinda hakulia. Msichana aliyegundua jambo kama lile hulia, au huvunja kitu. Huyu alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake tu.

"Umeshikwa na mshtuko," Shangazi aliamua kwa niaba yake. "Kaa hapa, yule dada akirudi mwambie akuonjeshe vyakula vya ukumbini. Mimi nakwenda kuangalia lifti ya mizigo."

Hakusema ya hoteli ipi.

Mbele ya Kioo kuna bawabu mwenye glavu. Shangazi hakumhitaji. Amepeleka keki pale miaka mingi, na kwa watu kama yeye Kioo ni mlango wa nyuma: pipa la takataka, mlinzi anayesinzia, kisha ngazi za kushuka mpaka chumba cha mashuka. Huko kuna joto la pasi kubwa na harufu ya sabuni, na huko ndiko anakotawala Bi Mashuka, mwanamke mfupi ambaye hakuna shuka linalopanda juu bila mkono wake kulipitia.

"Mama Keki," Bi Mashuka alisema bila kuinua macho, "umekuja na keki au na maneno?"

"Maneno."

"Keki ningeipokea."

"Kuna mgeni wenu mmoja. Kijana mpole, anatumia mito migumu, anaomba kitanda cha mtoto."

"Simjui."

"Sijakutajia jina bado."

"Hata ukinitajia. Siri ya mtungi aijuaye kata, dada yangu, na mimi kata yangu haina mdomo. Nikianza kusema habari za wageni, kesho nitakuwa nauza karanga pale nje."

Shangazi alijaribu utani, Bi Mashuka akacheka na asiseme kitu. Alijaribu kukasirika, Bi Mashuka akaendelea kukunja. Mwisho alisema ukweli.

"Anamuoa Kitinda wangu."

Bi Mashuka aliweka chini foronya aliyokuwa ameshika. Alimjua Kitinda tangu alipokuwa akija pale amebeba boksi la mapambo ya keki kwa mikono miwili, ulimi nje, asije akaliangusha.

"Kwa Kitinda nitakwambia ninachokijua, na ninachokijua ni kidogo," alisema. "Sura za wageni mimi sizijui, niko huku chini. Najua vitanda. Kitanda hakina adabu ya kudanganya."

"Vinasemaje?"

"Huja watatu, mwisho wa mwezi kama leo. Mwanaume, mwanamke, mtoto."

Shangazi akakaa juu ya rundo la mashuka masafi. Siku nyingine angefukuzwa. Moyo ulimuuma kweli, kwa sababu hata kugundua kwamba ulishuku sawa kunauma.

"Usizimie kabla sijamaliza," Bi Mashuka alisema. "Kile kitanda kidogo hakilaliwi. Wanakiomba, kinapelekwa, kinarudi kama kilivyokwenda. Mtoto analala kitanda kikubwa na mama yake, wamebanana katikati, kando zote mbili shuka halijaguswa. Na foronya ya mama inakuja imelowa. Si maji ya kuoga, dada. Anayefua hujua machozi."

"Na yeye mwanaume?"

"Kwenye kochi. Ile mito migumu ni ya kochi, ile laini inazama. Tangu waanze kuja hajalala kitandani hata siku moja."

Hapo Shangazi akachanganyikiwa. Wanaume wa nyumba mbili aliwajua, aliishi na mmoja. Wanasema uongo, wananunua nyama mara mbili, wanaita majina ya wengine usingizini. Lakini hawalali kwenye kochi. Hakuna mwanaume anayelipia chumba Kioo ili alale kwenye kochi.

Basi yule mwanamke ni nani? Mbona analia? Au kafungiwa? Mawazo yalimpanda Shangazi kama hamira. Pengine mtoto wa watu kaibwa. Pengine bima yenyewe ni ya kusingizia, na kijana yule mpole anafanya biashara ambayo haisemwi mchana. Wasiwasi ndio akili, lakini ukizidi nao hupika vyake.

"Chumba gani?" aliuliza.

"Hilo siwezi," Bi Mashuka alisema. Kisha akaisogeza glasi ya maziwa yenye kifuniko, akaiweka kwenye toroli, na juu yake taulo mbili ndogo zenye kofia. "Mimi simwelekezi mtu chumba cha mgeni. Ila toroli hili linapanda sasa hivi, na lifti ya mizigo unaipenda mwenyewe."

Lifti ilipanda taratibu, kama sifa zake. Mhudumu wa toroli hakuuliza kitu; wakubwa wake walishamkonyeza. Kwenye korido yenye zulia la kumeza nyayo, alisimama mbele ya mlango mmoja, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Shangazi akamsaidia kubisha.

"Huduma ya chumba," alisema kwa sauti ambayo si yake.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye miwani, kijiko mkononi. Shangazi alikuwa ndani kabla hajakaribishwa.

"Wewe ndiye mwenye mtoto?"

"Hapana, mama. Mimi dada yake huyu."

Huyu alikuwa Bima. Alikuwa amesimama karibu na pazia, simu mkononi, mwavuli wa njano ukivuja maji juu ya zulia la watu. Alipomwona Shangazi hakuruka wala hakutafuta pa kukimbilia. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyekuwa akingoja sindano na sasa imeingia.

Katikati yao, chini, alikaa mtoto wa kiume wa karibu miaka mitatu. Alikuwa amekusanya vile visabuni vidogo vya hoteli na anavipanga kimoja juu ya kingine, anajenga ghorofa lake. Alikuwa na masikio ya kuchomoza na kidevu chenye kishimo. Alimtazama mgeni, akaona hana sabuni, akaendelea na ujenzi. Shangazi aliyatazama yale masikio akahisi kitu kikimvuta kifuani, asijue kinamvuta kwenda wapi.

"Kwa hiyo hujawahi kukanyaga Kioo," alisema.

"Nilidanganya, Shangazi."

"Mtoto wa nani?"

Bima aliitia simu mfukoni.

"Nimekuuliza kwa heshima. Mara ya pili sitauliza kwa heshima. Mtoto wa nani?"

"Siwezi kukujibu."

"Kwa sababu ni wako."

"Kwa sababu si mimi ninayetakiwa kulisema hilo. Nichukie, Shangazi. Niite mwongo mbele ya wazee, nitaitikia. Ukitaka harusi isiwepo, nitasema mimi ndiye niliyeivunja. Lakini hilo swali sitalijibu."

Dada yake alisema kwa upole, "Mwambie tu, jamani."

"Sisemi."

Shangazi alizoea waongo, na mwongo ukimbana huongeza maneno. Huyu alikuwa anayapunguza. Kwa mara ya kwanza tangu amjue alimtazama Bima kwa makini, akaona kijana aliyechoka, na shaka yake ikabaki imesimama pale haina pa kukaa.

Hapo nyuma yake, mlangoni, akasikia mtu anahema.

Alikuwa Kitinda. Amelowa mvua kichwa mpaka miguu, viatu mkononi. Shangazi alinyoosha mkono kumzuia, maana hakutaka aione ile aibu kwa macho yake. "Rudi, mwanangu. Usiingie."

Mtoto aliinua kichwa. Ghorofa la sabuni likaanguka. Alimpita Bima, akampita Shangazi chini ya ule mkono alionyoosha, akaikumbatia miguu ya Kitinda.

"Mama," alisema, "umelowa."

Mkono wa Shangazi ulibaki hewani. Kitinda alipiga magoti akamshika mtoto, na alivyomshika hapakuhitajika maelezo, kwa sababu kila aliyewahi kulea anakujua kule kushika.

Shangazi alilitafuta kochi kwa mkono, akakaa.

"Mwaka ule," alisema hatimaye. "Uliponiambia mmepelekwa mafunzo ya maabara mji mwingine."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na zile zamu zako za hospitali, za mwisho wa mwezi. Ninazokufungia chakula."

"Alikuwa anakula yeye."

Shangazi aliinamisha kichwa. Alikumbuka alivyokuwa akikwaruza sufuria ili Kitinda apate cha kutosha, akimwambia kazi ya usiku inachosha. Alikuwa amemlisha mjukuu wake miaka miwili bila kumwona.

"Yule siyo wa Bima," aliuliza, au alisema.

"Bima nilikutana naye mtoto ameshazaliwa. Nilimwambia siku ya kwanza ili akimbie. Hakukimbia. Dada yake ndiye anayemlea, humleta hapa mwisho wa mwezi nimwone. Kitanda kidogo anakiomba Bima kila mara, anasema mtoto wa kiume azoee kulala peke yake. Mimi sikubali."

"Na mimi? Mimi niliyekulea, nilikukosea nini usiniambie?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Baba yake alikuwa na mke, Shangazi. Alinificha. Nilipokuja kujua, mimba ilishakuwa kubwa. Nikafikiria kurudi nyumbani, nikakusikia. Hukuwepo, lakini nikakusikia. Mwanamke wa aina hiyo hata maji ya kunywa hapewi."

Hakusema kwa kulaumu. Ingekuwa nafuu kama angelaumu. Shangazi aliona aibu, aibu halisi, ya kumtaka mtu afunike uso kwa viganja. Maneno aliyoyatupa miaka yote kumpiga mwanamke wa upande wa pili wa mji yalikuwa yamempata mtoto wake mwenyewe, akaenda akazalia mbali kama mkimbizi.

Angesema kitu. Msomaji, nina hakika angesema kitu kizuri. Lakini Bima alikohoa.

"Kuna lingine," alisema. "Ile simu ilitoka mapokezi ya hapa. Kuna mtu amekuja, anauliza chumba chenye mtoto huyu. Nimewaambia wasimruhusu. Nadhani ni baba yake."

Kitinda alisimama na mtoto kifuani. "Anataka nini? Tangu mtoto azaliwe hajawahi kuuliza hata anavaa kiatu namba ngapi."

"Labda amesikia habari za harusi. Labda anataka kumchukua."

Shangazi aliinuka. Mgongo ulinyooka wenyewe, ukawa ule mgongo unaojulikana majikoni mwa hoteli zote mbili.

"Mjukuu wangu hachukuliwi na mtu," alisema.

Lile neno walilisikia wote. Kitinda alilisikia zaidi, akaanza kulia, kilio alichokuwa akikimwaga kwenye foronya za watu. Shangazi alimfuta uso kwa kiganja, mara moja tu, kwa nguvu, kama anavyofuta meza ya unga. Yalikuwa yamebaki mengi ya kusemwa, na yote yangengoja.

Kwa sababu mlango ulibishwa.

Haukubishwa kwa hasira. Ulibishwa taratibu, kisha kukawa kimya, kisha taratibu tena. Dada yake Bima alisogea nyuma. Kitinda alijificha nyuma ya Shangazi, mtoto kiunoni, na kwa mkono uliobaki akashika gauni la Shangazi kama alivyokuwa akilishika radi zikipiga.

"Fungua," Shangazi alimwambia Bima. "Nina maneno ya mwanaume wa namna hiyo tangu ujana wangu, yamekosa pa kutua."

Bima akafungua.

Hakuwa mwanaume.

Alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, pete ya ndoa kidoleni, anahema. Mkononi alikuwa amemshika msichana mdogo aliyevaa sare ya shule. Msichana yule alikuwa na kidevu chenye kishimo. Alichungulia ndani, akamwona mtoto mwenzake kiunoni mwa Kitinda, na watoto wawili wenye kidevu kimoja wakabaki wanatazamana.

"Shikamoo, mama," mwanamke alimwambia Shangazi, maana ndiye mkubwa.

"Marahaba." Ilitoka yenyewe, kwa mazoea.

"Samahani, sikualikwa. Lifti wameninyima, tumepanda kwa ngazi tukibisha mlango baada ya mlango. Nimeambiwa mume wangu ana mtoto humu ndani." Sauti ilimkatika, akaikusanya. "Sikuja kupigana. Majirani wote wanajua, mimi peke yangu ndiye sijui. Nataka nijue na mimi."

Shangazi alimwangalia. Maisha yake yote alikuwa upande wa mwanamke huyu. Alikuwa mwanamke huyu. Kila hasira aliyowahi kuitoa mdomoni aliitoa kwa ajili ya mtu aliyesimama pale mlangoni akihema na mtoto mkononi, na siku ile mtu huyo alipofika kweli, mwenye kosa alikuwa amejificha nyuma ya gauni lake, naye ni damu ya kaka yake.

Bima alimtazama Shangazi kwa macho ya kuomba. Mlango ulikuwa bado mkononi mwake. Neno moja tu, angeufunga.

"Ingia, mwanangu," Shangazi alimwambia yule mwanamke.

Na nyuma yake akahisi mkono wa Kitinda ukiliachia gauni.